Kipande cha Arobaini na Moja

Jumatatu, saa kumi na mbili, Zwickau bado giza.
Theluji ya jana imekuwa tope langoni mwa kiwanda.
Navaa miwani, nawasha mashine ya kuvuta.
Kazi yangu ni kuachanisha.

Wenzangu wa ukumbi wa pili ndio wanaounga:
paa la nyuzi za kaboni, jepesi kama sinia tupu,
na kiunzi cha alumini;
kati yao mstari wa gundi, mweusi, milimita mbili.
Hapana skrubu, hapana ribiti, hapana cheche.
Ukizitoboa nyuzi hizi umezijeruhi,
kwa hiyo tunazibembeleza.

Mimi huletewa vipande vya majaribio.
Navibana kwa taya za chuma, nabonyeza, nasubiri mlio.

Kuna kuachana na kuachana.
Gundi njema ikizidiwa hupasuka ndani ya nafsi yake,
kila upande ukaondoka na weusi wake.
Mbaya hubanduka kama ganda la yai lililochemshwa,
upande mmoja ukabaki mtupu, unang'aa,
kama haukuwahi kuguswa na mtu.
(Hivyo ndivyo Eckart alivyotoka nyumbani kwangu.
Hata misumari ya picha aling'oa, akaziba matundu kwa chokaa.)

Leo kipande cha arobaini na moja
kimelia mapema, hakijafika hata nusu ya mzigo.
Nimekilaza chini ya taa:
uso mtupu, mkavu,
na katikati yake dole gumba.
Mistari yote ipo, duara ndani ya duara,
na kovu limeikatiza kama njia ya panya.

Kidole kimoja, husemwa, hakivunji chawa.
Hiki kimevunja paa la gari.

Kovu nalijua.
Ni la Tilo, mwanagenzi, miaka kumi na saba;
alijikata kwa kisu cha mkate kantini, Oktoba,
na plasta nilimfunga mimi.
Spiriti ya kufutia humpasua mikono msimu wa baridi,
mamake akamnunulia krimu, kopo dogo lenye ua.
Ndani ya krimu mna silikoni,
na silikoni ikishatangulia, gundi hukuta mlango umefungwa.
Bango ukutani linasema hayo kwa wino mwekundu.
Nani husoma bango mikono ikimvuja damu?

Bibi yangu alikuwa kiwanda cha zamani,
akikandamiza milango ya mabaki ya pamba na utomvu wa moto.
Watu walililiita gari la maboksi, wakalicheka,
wakapanga foleni miaka kumi na zaidi kulipata.
Uzeeni alikwenda kuomba pasipoti.
Karani akakibonyeza kidole chake kwenye kioo mara tatu,
kioo kikakataa: hapakuwa na mstari hata mmoja.
"Vimebaki kwenye milango," bibi akamwambia.

Nimemwita Tilo. Amekitazama kipande,
masikio yakamwiva kabla sijauliza.
"Ni mimi, Bi Uhlig. Glavu ilitoboka, nikaona nitachelewesha mstari."
Kati ya kuunga na kuungama ni silabi moja tu,
lakini wako wazee hapa hawajaivuka miaka thelathini.

Mapaa sita ya zamu ya Ijumaa yamerudishwa kubomolewa.
Msimamizi amenuna, hesabu yake imechafuka.
Kwenye fomu, pa chanzo, nimeandika: glavu duni.
Pa jina nimeandika langu, kama mpimaji,
na hilo si uongo.

Kijana nimempa mafuta ya kondoo, apake usiku, kamwe si asubuhi.
Kipande kilitakiwa kwenda jaani.
Nimekitia kwenye mtoto wa meza, chini ya rula.

Arobaini na mbili.
Nabana. Nabonyeza.
Imekawia, imekawia, ndipo ikalia.
Pande zote mbili nyeusi.